Friji Letu na Mita ya Mama Tumaini

Mwanangu Veronika,

Watu huanza barua kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Nakuona kwa dirisha hili umekaa uani na mama yako, mnabishana kama blanketi la pili liingie kwenye begi au libaki. Umemwambia mara tatu kwamba Dodoma kuna joto, naye amekujibu mara tatu kwamba joto halijawahi kumzuia mtu kuugua kifua. Litaingia tu hilo blanketi, mwanangu, usijichoshe.

Kwa hiyo mambo ya blanketi, kula kwa wakati, kwenda kanisani na kuchagua marafiki mimi siyaandiki. Mama yako ameyasema, na shangazi yako wa Bonga ameyarudia kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Mimi nimekaa hapa sebuleni, jua bado lipo, nataka kukuandikia jambo moja ambalo nimelikimbia kwa miaka mitano. Ni jambo la friji. Najua umecheka. Cheka kwanza, mimi nasubiri.

Unajua nilikotoka. Nilikuwa karani wa ghala la mazao zaidi ya miaka ishirini, na mtu aliyekaa ghalani muda wote huo huamini kwamba kila kinachopungua kuna aliyekichukua. Ghala lilipofungwa nilichukua kiinua mgongo changu nikaigawa nyumba yetu hii ya Nakwa. Sisi tukabaki na vyumba vya mbele, na huko nyuma nikapiga kuta nikapata vyumba vitatu vya kupangisha. Umeme ulikuwa wa Luku moja kwa nyumba nzima. Nikapanga kwamba kila mmoja achangie sawasawa, mimi nitanunua umeme, nitaingiza namba, na tutaishi kama ndugu. Undugu ule ulidumu wiki sita.

Wapangaji walikuwa watatu. Kulikuwa na Mwalimu Safari, ambaye bado tunaye, kijana asiyeweza kutoka nje bila shati lililonyooka. Kulikuwa na Jofrey wa bodaboda, mwenye sabufa kubwa kuliko kitanda chake. Na chumba kinachopakana na sebule yetu alikaa Mama Tumaini, mjane kutoka Dareda, muuza maharage sokoni. Yeye alikuwa na balbu moja, chaja ya simu na kuku.

Umeme ukaanza kuisha katikati ya mwezi. Mimi, badala ya kuchunguza, nikaandika. Ulinisaidia kubandika ile karatasi ukutani, SHERIA ZA UMEME, vifungu kumi na vinne. Kifungu cha tatu kiliruhusu pasi siku ya Jumapili tu, baada ya ibada. Mwalimu Safari wa watu akawa anatandika suruali zake chini ya godoro na kuzilalia, na kila Alhamisi, zile za Jumapili zikiwa zimeisha, alikwenda shuleni na mistari ya chaga kwenye mapaja. Kifungu cha tisa kiliruhusu sabufa kwa kiasi. Jofrey akaja mlangoni na kofia mkononi: "Shikamoo Mzee. Samahani, hicho kiasi ni volyumu namba ngapi?" Nikaingia ndani nikaandika kifungu cha tisa (b).

Friji halikuwemo kwenye sheria hata kwa mstari mmoja. Sikulisahau, mwanangu. Sikuliona. Friji lile nililinunua kwa mbaazi za msimu mzuri kuliko yote niliyowahi kupata, mitumba kutoka ofisi fulani iliyokuwa inauza vitu vyake chakavu, na tangu siku lililoingia hapa lilinguruma kama mashine ya kusaga. Liligandisha kila kitu. Mama yako aliweka samaki wa ziwani wakatoka kuni, akaweka vitunguu vikatoka mawe. Wageni wakija nilikuwa nalifungua bila sababu. Kwangu mimi friji halikuwa kitu kinachotumia umeme. Lilikuwa heshima ya nyumba.

Ndiyo maana siku ile ya jaribio nilifanya nilichofanya. Nilisikia mahali kwamba ukizima vitu vyote ndani ya nyumba, kile kitaa chekundu cha Luku kinaacha kupepesa, na kama bado kinapepesa, kuna wizi. Nikawatoa wote uani Jumamosi mchana. Nikaamuru balbu zizimwe, chaja zichomolewe, sabufa ichomolewe. Jofrey aliaga sabufa yake kama mtu anayemwacha mgonjwa wodini. Tukasimama mbele ya Luku, watu wazima, tukikodolea macho kitaa kidogo kama punje ya mtama. Kikapepesa, tena kwa haraka. Nikasema kwa sauti ya ghalani, "Mnaona? Kuna mtu humu." Mwalimu Safari akauliza kwa adabu kama friji limezimwa. Nikamjibu kwamba friji la mwenye nyumba halizimwi, lina maziwa.

Hakuna aliyecheka, maana kodi ilikuwa karibu.

Baada ya hapo nikaamua kumwekea kila mpangaji mita yake ndogo, kila mtu aone matumizi yake. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na hata leo nalitetea. Fundi ndiye aliyeniponza, na fundi nilimchagua mwenyewe. Nilimwita binamu yangu Yakobo, mchomeleaji mageti, ambaye umeme aliujua kwa kuutumia. Alikuja na nyundo. Nilipomuuliza mbona hana vifaa vingine, aliniambia, "Kaka, waya ni waya." Akatoboa ukuta hapa na pale, akala ugali wa watu wanne, akaondoka. Cha rahisi ni ghali, watu wanasema, nami nilikuwa nikiwaambia wengine maneno hayohayo.

Mwezi wa kwanza nikasoma mita. Ya Jofrey na sabufa yake ilisoma kawaida. Ya Mwalimu, kidogo. Ya Mama Tumaini, mwenye balbu moja, ilikuwa imekimbia kuliko zote mbili ukizijumlisha. Alilipa. Mwezi wa pili ikawa vilevile, akalipa tena, akaniuliza tu, "Baba Vero, hii balbu yangu inakula nini?" Mwezi wa tatu nikafikia uamuzi kwamba mama huyu ana jiko la umeme amelificha, na kwamba ndiye aliyekuwa akitumaliza tangu mwanzo.

Nikamwita mjumbe wetu wa mtaa. Nikawakusanya watu uani, ulikuwepo, ulikuwa na sare ya shule, kidato cha kwanza. Nikasema maneno ambayo nikiyakumbuka nashika kichwa. Nilimwita mwizi. Nilimwita mwizi mama ambaye ulipougua malaria alikuwa akikuletea uji kabla hajaenda sokoni. Yeye akasimama kando ya mlango akasema, "Ingieni. Tafuteni." Tukaingia, mimi na mjumbe, tukapekua. Tulikuta jiko la mkaa, nusu gunia la maharage, kanga zilizokunjwa vizuri, na chini ya kitanda kuku ameatamia mayai. Mjumbe akatoka akiwa amedonolewa kidole. Jofrey, ambaye hakuwahi kujua wakati wa kunyamaza, akasema, "Mzee, labda kuku ndiye anachaji."

Hapo ndipo uliposema. Sauti yako ilikuwa ndogo, lakini ulinyoosha maneno kama mtu anayesoma ubaoni. "Baba, nimeangalia wiki nzima. Friji letu likinguruma, mita ya Mama Tumaini inakimbia. Likinyamaza, inasimama. Ni friji letu, Baba."

Veronika, nilikusikia. Huko nyuma nimejifanya kwamba sikukusikia vizuri, au kwamba sikuelewa. Nilikusikia na nikaelewa palepale. Lakini nilikuwa nimeshamwita mjumbe. Nilikuwa nimeshasema neno mwizi mbele ya watu, na nikaona nikirudi nyuma sasa nitakuwa nani hapa uani? Nikakuambia unyamaze. Nikakuuliza nani amekufundisha kumsingizia baba yako. Kisha nikakuamuru uniombe radhi mbele ya wote, nawe ukainamisha kichwa ukasema, "Samahani, Baba." Uliomba msamaha kwa kosa la kuona sawasawa.

Mama Tumaini alihama mwisho wa mwezi. Alipakia vitu vyake kwenye guta kwenda Bonga, akapanda juu ya godoro na kuku wake mapajani, akamuaga mama yako na kila mtu isipokuwa mimi. Nilisimama mlangoni nimekunja mikono kama mshindi. Nikafunga kile chumba kwa kufuli, nikaweka ufunguo mfukoni mwangu.

Na mita ikaendelea kukimbia.

Sasa cheka, maana hapa hata mimi nacheka. Chumba kitupu, kina kufuli, hakina hata balbu maana alihama nayo, na mita yake inakimbia kama mbio za mwenge. Mtu mwenye akili angeyakubali maneno ya binti yake; mimi niliyakumbuka nikayafukuza. Nikasema Mama Tumaini ana ufunguo wa akiba, anarudi mchana kupika. Nikamwaga majivu mlangoni nione nyayo. Kwa siku nne niliziona nyayo, nikazipima, zikawa zangu. Nikahamia kwenye mashetani. Nikamwita katekista, akaja na maji ya baraka, akasali vizuri sana, akanyunyiza pembe zote nne. Alipomaliza akafunga kitabu chake akaniuliza, "Mzee, fundi wa umeme umeshamwita?"

Fundi aliyekuja alikuwa msichana. Labda ana miaka miwili au mitatu zaidi ya uliyonayo sasa, ovaroli la bluu, bisibisi nyuma ya sikio. Nilimwuliza baba yake yuko wapi, nikidhani amemtangulia. Akaniambia, "Shikamoo, Mzee. Fundi ni mimi." Akaangalia mita, akaangalia ukuta, akazima swichi moja ya chumba kitupu. Huku sebuleni friji likatetemeka, likakohoa, likanyamaza. Nyumba ikawa kimya mpaka tukasikia mbuzi wa jirani wakitafuna. Yule binti hakusema kwa ubaya. Alisema tu kwamba soketi ya friji ilivutwa kupitia ukutani kutoka chumba kile kitupu, kwa hiyo mita hii imekuwa ikililisha friji letu tangu ilipofungwa. Alitumia dakika ambazo hazitoshi kuchemsha chai.

Ulirudi kutoka shule jioni ile ukaniuliza, "Baba, fundi amesema nini?" Nikakujibu, "Panya. Panya wamekula waya." Ukaniangalia. Ukasema, "Sawa, Baba," ukaenda kubadili sare. Wapangaji nao nikawaambia panya, na ili uongo ukamilike nikanunua mtego nikautega. Ulikaa pale mwaka mzima haujakamata kitu.

Nimekuandikia haya yote si kwa sababu hukuyajua. Ulikuwa wa kwanza kuyajua. Nimeyaandika kwa sababu kuna kingine hukijui, nacho ndicho kimenikalisha kwenye kiti hiki.

Mwaka juzi ulimaliza kidato cha nne, ukasema unataka chuo cha ufundi, usomee umeme. Nilikataa. Nilisema nguzo si za wasichana, utapandaje na sketi. Mama yako akasema atavaa suruali. Nikasema umeme unaua. Mama yako akasema hata ng'ombe anaua, na bado watoto wote niliwachungisha. Nikasema fedha hakuna. Mwanangu, fedha zilikuwepo, nilikuwa nimeuza mbaazi. Na fomu yako ya kujiunga, ile niliyosema imepotelea posta, haikupotea. Ilikuwa kwenye kabati langu, chini ya ile karatasi ya Sheria za Umeme niliyokwisha kuibandua ukutani. Ulikaa nyumbani mwaka mzima ukimsaidia mama yako shambani, ukiamini kwamba baba yako anakuona huwezi.

Haikuwa hivyo. Kila uliposema neno umeme, mimi nilisikia "ni friji letu, Baba." Niliogopa uende ukasome kwa kina kile ulichokwisha kukiona kwa macho tu, halafu urudi hapa na cheti, na kila ukigusa swichi nikumbuke. Sikukukatalia kwa sababu ungeshindwa, Vero. Nilikukatalia kwa sababu siku ile ulikuwa sahihi na mimi nililijua. Nakuomba msamaha. Neno hili nimechelewa kuliandika, ajabu, maana wewe ulilisema ukiwa na miaka kumi na minne na hukuwa na kosa.

Utauliza kilichonibadilisha ni nini. Ningependa kusema ni dhamiri. Ni msiba. Mwezi wa pili mwaka huu nilikwenda kuzika Bonga, nikakaa kwenye benchi na wazee, mama mmoja akawa anagawa chai. Akafika kwangu, akanipa kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Karibu chai, Baba Vero," akasema. "Usiwe na wasiwasi, imechemshwa kwa kuni." Alikuwa Mama Tumaini.

Nilimfuata nyuma ya nyumba, kwenye masufuria, nikaanza kuomba radhi. Akanisikiliza huku anasuuza vikombe. Akaniambia alijua zamani. "Vero alinifuata siku ileile kabla sijahama," akasema. "Alibisha hodi, akaniambia mama, si wewe, ni friji letu, nami nitakuja kulitengeneza nikikua." Veronika, hukuniambia. Miaka yote hiyo mlilijua wewe, yeye, mama yako, Mwalimu, na nina hakika hata Jofrey. Nyumba nzima mlikuwa mnanitunzia siri yangu mwenyewe.

Nikamwomba apokee fedha zake alizolipia friji letu. Alipokea, akahesabu, akazifunga kwenye kanga. Kisha akasema: "Hizi nimepokea. Msamaha sijapokea. Hukuniita mwizi nyuma ya masufuria, Baba Vero. Uliniita uani kwako, mbele ya mjumbe. Uje uusemee palepale." Nikasema sawa, nikamwomba siku. Akasema, "Siku mtakayomsindikiza Vero kwenda kusomea kulitengeneza hilo friji, nitakuwepo."

Nilipotoka pale nilikwenda moja kwa moja kwenye kabati. Ukaona siku ya pili yake nimekuja na fomu mpya, nikasema nimeipata mjini. Hiyo ilikuwa kweli, ile ya zamani ilikuwa imepitwa na wakati.

Basi kesho alfajiri, kabla ya kwenda stendi, tutasali uani. Jofrey, ambaye siku hizi ana bajaji, ataileta kuchukua mizigo. Mwalimu Safari ameomba ruhusa achelewe kipindi cha kwanza. Mjumbe anakuja, nimemwita mwenyewe, naye ameniuliza kama kuku bado yupo. Mama Tumaini atapanda bodaboda kutoka Bonga. Wote waliokuwepo siku ile watakuwepo, na mimi ndiye mwenye kuongoza sala. Nimepanga kwamba kabla ya kusema Amina nitasema lile jambo, kwa sauti ile ile niliyoitumia kumwita mwizi, na nitasema pia kwamba binti yangu aliniambia ukweli nami nikamfanya aombe radhi.

Nimepanga hivyo. Lakini najijua. Mimi ni mtu aliyetega mtego wa panya mwaka mzima ili asionekane mjinga. Inawezekana kabisa nikasimama mbele ya watu wale, nikasali kwa ajili ya mvua, kwa ajili ya wasafiri, kwa ajili ya viongozi wetu wote, nikasema Amina, nikainua begi lako.

Kwa hiyo barua hii nitaitia mwenyewe kwenye mfuko wa pembeni wa begi hilo, na simu nitakupigia basi likishapita Bonga nikuambie ilipo. Utakapofika mstari huu utakuwa tayari unajua kama nilisema au nilinyamaza. Mimi ninayeandika ndiye sijui.

Kama nilisema, kunja barua, ulale, safari ni ndefu. Kama nilinyamaza, usinionee huruma kama mlivyonionea miaka yote. Nipigie hapohapo ulipo, abiria wakusikie, uniambie kwamba baba, umeshindwa tena. Mama Tumaini atakuwa bado hajamaliza chai yake hapa uani. Nitaweka simu kwa sauti ya juu, wote wasikie, na safari hii utasema mpaka mwisho.

Baba yako anayekupenda, na aliyechelewa kukuambia,
Baba Vero